Folda ya Gidion

Punje nne za mchele zilidondoka kutoka kwenye tundu la chaji. Ya tano ilikwama, nikaitoa kwa kibano. Nikazipanga zote mezani ili mteja azione.

Nilimuuliza kishikwambi kilikaa kwenye mchele siku ngapi. Mbili, akasema. Hakikuwa kimeingia maji hata tone. Jirani alimwambia kifaa kikiganda kinafukiwa kwenye mchele, naye akakifukia kwenye ndoo, akamkalisha mama yake pembeni ya ndoo hiyo siku zote mbili, kwa kuwa mbegu, kile kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio la mama, haitakiwi kuwa mbali na kishikwambi chake zaidi ya hatua kumi. Kulala, alimlaza hapohapo jikoni, chini, kwenye godoro.

"Mchele hauponyi kitu," nikamwambia. "Ungeupika, mngekula."

Hakucheka. Jina lake lilikuwa Foibe, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaacha kazi ili amtunze mama. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango wa karakana, mdomo wazi, mkono wa kulia umeinuliwa nusu, kama mtu anayezuia kitu kisimwangukie. Hivyo ndivyo walivyoingia. Koo na moyo havihitaji kishikwambi, kwa hiyo uji alikuwa anaumeza na pumzi ilikuwa inatoka. Mengine yote yalikuwa yameganda.

Nikafungua fomu. Jina la mwenye kifaa, nikauliza. Mama Gidion, akasema. Nikamwambia nataka la kwenye cheti. Ilibidi afikiri kwanza ndipo alikumbuke: Ruhama. Hakuna aliyemwita hivyo tangu alipomzaa kifungua mimba wake. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la mwanawe, kuanzia mchungaji hadi muuza mkaa, na mimi pia, kwa kuwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni niliyosoma na tulikuwa tukipanga foleni kwa Mama Gidion na sahani mkononi.

Fundi mbovu huanza na ubongo. Fundi mzuri huanza na waya. Nikasafisha tundu kwa brashi, nikabadilisha waya, nikapima chaji: asilimia tisini. Nikapima joto: la kawaida. Nikaangalia mawimbi kati ya kishikwambi na mbegu: yanapita. Nilipomuuliza tatizo lilianzaje, alisema mwanzoni mama alikuwa akiganda mara moja kwa mwezi, kisha kila wiki, kisha kila siku. Sasa wakimzima na kumwasha, anaishi dakika kumi na moja. Halafu mdomo unafunguka na mkono unapanda, hivyo hivyo, kila mara.

Nikaangalia toleo. La nne. Nikamwonyesha kalenda ukutani.

"Leo Jumatano. Keshokutwa saa sita mchana wenye kampuni wanalifunga toleo la nne. Kisiposasishwa, mbegu inajifunga. Akiganda keshokutwa, hakuna wa kumwasha."

"Kisasishe basi."

"Kinakataa. Tujue kwanza kwa nini."

*

Nilijua baada ya dakika arobaini, na lilikuwa tatizo la kawaida kuliko yote. Memori imejaa.

Hivi vifaa vilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao ugonjwa wa kusahau umeanza kuwala. Kichwa hakiweki tena. Mbegu husikia, kishikwambi huhifadhi, na mwenyewe anapotaka kukumbuka, mbegu huchota kule na kumrudishia. Ukimwasha, kumbukumbu hupanda kwa mpangilio, za zamani kwanza, za karibuni mwisho. Zikifika zote, mtu yuko kamili. Memori ikijaa, hakuna nafasi ya kuzipandisha zote; zinafika mahali zinakwama, na mtu anakwama pamoja nazo. Palepale, kwenye jambo lile lile.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kabla ya kufuta chochote, mteja aone chati. Ukifuta bila kuonyesha unanyang'anywa leseni. Kwa hiyo nikamgeuzia Foibe skrini yangu kubwa. Sikumwandaa. Sijui ningemwandaaje.

Lugha na mwili, asilimia kumi na nane. Hiyo ina kufuli, ukiigusa mtu hawezi tena kutembea wala kusema. Marehemu mume, asilimia tatu. Gidion, sabini na nne. Mengineyo, tano.

Foibe aliisoma juu hadi chini. Kisha chini hadi juu.

"Mimi niko wapi?"

Nikafungua Mengineyo. Orodha ilishuka: redio, mbuzi mweupe, dawa ya mchana, mwenye maziwa, Foibe, bati linalovuja, mlango wa choo.

Wengine hulia hapo. Yeye aliuliza kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha madaftari, mashine inaamuaje nani apewe folda. Nikamweleza. Folda ya mtu hufunguka pale mwenyewe anapomtafuta kichwani: anapojiuliza huyu ni nani, yuko wapi, atakuja lini. Anayeonekana mbele yake kila siku hatafutwi. Akikuta chai mezani hajiulizi nani ameileta.

"Miaka sita," Foibe akasema. "Miaka sita namuogesha."

"Ndiyo maana."

Nikafungua folda ya Gidion, kwa sababu asilimia sabini na nne si ya mtu mmoja, hata kama mama alimpenda kupita kiasi. Huko ndani kulikuwa na utoto wa kijana huyo, shule, harusi yake iliyovunjika, kazi yake ya kutengeneza minara ya upepo kule juu ya mawe nje ya mji. Hivyo vyote havikufika asilimia sita. Baada yake zilifuata faili mia nne na kumi na mbili, kubwa mno, zote zikiwa na kichwa kimoja: Gidion amekufa.

Nikajua. Nimeyaona kwenye familia nyingine, ila si kwa wingi huu.

"Alikufa lini?"

Miaka mitatu iliyopita, akasema. Kamba ilikatika akaanguka kutoka kwenye mnara.

"Na mama akiwashwa, akiuliza Gidion yuko wapi, mnamwambia nini?"

"Ukweli. Baba alikuwa mwinjilisti. Kwetu kifo hakifichwi."

"Na wageni wakija kutoa pole?"

Akaniangalia kama amegundua kwamba nami nina ugonjwa wa mama yake. Wageni wakija kutoa pole, mfiwa anawasimulia ilivyokuwa. Kila anayeingia anasimuliwa upya, toka mwanzo, na aliyechelewa naye anasimuliwa. Ndivyo tunavyofanya, ndivyo nilivyofanya mimi baba yangu alipofariki, nikasimulia mpaka sauti ikakauka. Lakini waliotengeneza kishikwambi hiki kwao habari ya msiba hutolewa mara moja, kwa tangazo. Mashine yao haijui kwamba habari hii ni ile ile ya jana. Inaona moyo umeruka, pumzi imekatika, mama ameanguka chini. Inasema hili ni jambo kubwa, jipya, lihifadhiwe lote. Na zile nakala haziwezi kuchambuliwa, kwa kuwa kila moja imefungwa kwenye iliyotangulia, mpaka kwenye siku aliyozaliwa Gidion. Ukivuta moja unavuta zote.

"Kila ulipomwambia, au kumsimulia mgeni mbele yake," nikasema, "kwake Gidion alikufa leo. Hapa kuna vifo mia nne na kumi na viwili. Wewe ndiye uliyeijaza."

Ilikuwa kweli, na ningeweza kuisema vingine.

Foibe alisema hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamjibu imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa sitini na moja. Akasema kitabu kile kimeandikwa kwa lugha ambayo hata herufi zake hazijui. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikainuka kwenda kuweka maji ya chai ili nisiendelee kumtazama.

*

Njia zilikuwa mbili, nikampa zote zikiwa wazi.

Sasisho linahitaji nafasi ya asilimia tano. Mume ana tatu, hatoshi. Kadi ya nje mbegu haisomi, na kilichotolewa kwenye kishikwambi hakifunguki popote pengine. Ni kelele tu. Tukifuta Mengineyo tunapata tano kamili, sasisho linaingia, mama anabaki na Gidion wake. Lakini ataendelea kuganda, labda si kila siku, na kila akiganda ataganda kwenye kifo. Na hatamjua Foibe kabisa. Tukifuta Gidion, mama anakuwa mzima, ana nafasi ya kukumbuka miaka ishirini mingine. Ila hatakuwa amewahi kuzaa mtoto wa kiume.

Kuhusu nani anaamua, sheria haina maneno mengi. Mwenye kifaa akiwa macho, dole gumba lake ndilo linalokubalika, hata kama yuko macho kwa dakika moja. Akiwa ameganda dakika tano mfululizo, mlezi anaweka dole lake. Fundi haamui. Fundi anashika kisoma dole.

"Mwashe," Foibe akasema. "Aulizwe mwenyewe."

Nilimheshimu kwa hilo. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja, nikahesabu kumi, nikaachia.

Mkono ulishuka kwanza. Kisha mdomo ukafumba, midomo ikalambwa, macho yakazunguka karakana yangu kwenye rafu za vioo vilivyopasuka na maboksi ya betri. Pua ikanusa. Karakana yangu imepakana na kiwanda cha kukamua alizeti.

"Nani anapika mashudu?" akasema mama.

"Shikamoo, Mama Gidion."

"Marahaba, mwanangu. Gidion ameshafika?"

Foibe alifungua mdomo. Nilimwona anavuta pumzi ya kusema lile alilosema mara mia nne na kumi na mbili. Nikamkanyaga mguu.

"Yuko njiani," nikasema mimi.

"Huyo hata ukimtuma chumvi hurudi na mchumba," mama akasema, akacheka mwenyewe, kicheko kizuri cha tumbo. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho. Alikuwa akikicheka nyuma ya sufuria akikuongezea maharage.

Nikamweleza. Nimeshaeleza mambo haya kwa wasomi wasielewe, lakini yule bibi alikuwa ameendesha stoo ya shule ya watoto mia sita kwa miaka thelathini, na alielewa kabla sijamaliza. Akauliza swali moja tu, Gidion anachukua kiasi gani. Nikamwambia. Akafurahi, kama mtu aliyesifiwa.

"Ghala likijaa hutoi mahindi," akasema. "Unafagia pembeni."

"Hapo pembeni kuna Foibe."

Akageuka kumtazama binti yake. Alimtazama kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliokuwa mbaya.

"Huyu? Huyu yupo. Kesho atakuja, ataniambia jina lake, nami nitamwambia karibu. Aliye mbali ndiye wa kuwekwa, mwanangu. Aliyepo unamwekea nini?" Akanyoosha dole gumba. "Leta nikubonyezee, kabla Gidion hajafika akakuta tumezubaa."

Saa ya ukutani ilikuwa kwenye dakika ya sita.

Kisoma dole kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, kimejaa chaji, safi. Nilikitoa, nikakitazama kwenye mwanga, nikasema kina mafuta, hakitasoma vizuri. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikaanza kukisafisha.

Sitaki kusema nilifanya kwa huruma. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeshaona ile mikono iliyopasuka na ule upole. Baadaye nilijiambia kwamba mama alikuwa akiamua kwa kutegemea uongo wangu, kwamba mtu anayedhani mwanawe yuko njiani hajui anachochagua. Ni hoja nzuri. Ila ilinijia baadaye, na mimi nilikuwa nimeshaanza kusugua.

Nilisugua pembe moja baada ya nyingine. Dole la mama lilikuwa bado hewani. Akauliza kama nasafisha kisoma dole au nasafisha masufuria ya Idi. Dakika ya nane.

"Fundi," Foibe akasema polepole. "Hicho kinasoma."

Niliendelea kusugua. Nilisubiri aseme tena. Angesema tena ningempa mama, naapa ningempa. Hakusema tena. Alikaa na mikono mapajani na kuitazama saa, kama mimi.

Dakika ya tisa mama aliacha kucheka. Akasema kuna mtu alitaja mnara. Nikamwambia hakuna. Akasema hapana, kuna mtu amekuja, amevaa kofia ya njano, amesimama mlangoni hataki kukaa. Akamwuliza Foibe kwa nini mgeni hataki kukaa. Dakika ya kumi dole lilishuka, mkono wote ukashuka kisha ukaanza kupanda tena, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya mtoto.

"Kamba gani? Kamba gani imekatika?"

Kisha mdomo ukabaki wazi.

*

Dakika tano za kusubiri ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Mashine za alizeti zilisimama kwa mapumziko ya mchana na karakana ikawa kimya. Foibe alimfuta mama mate kwa kona ya kanga, akamrekebisha kichwa kisiumie, akavuta gauni lifunike magoti. Alifanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anavyofunga mlango wa kwake.

Akaniuliza, akiwa ameganda hivi, anasikia?

"Kitabu kinasema hasikii."

"Na wewe unasemaje?"

Niliangalia saa. Nimefungua vishikwambi vingi vilivyoganda, na kwenye kumbukumbu za ndani huonekana saa zote zile kitu kimoja kinazunguka, kinazunguka, hakitoki. Kama kuna anayekisikia, mimi sina kipimo.

Akaniuliza kama nina watoto. Wawili, nikamwambia. Mmoja hupiga simu kutoka mbali na mmoja hunitekea maji. Akaniuliza ni yupi ninayewatajia watu nikiwa na furaha. Nikaweka kisoma dole mezani mbele yake.

"Dakika tano zimetimia. Gidion au Mengineyo. Weka dole."

Alisema alimpenda kaka yake, nijue hivyo. Alisema Gidion ndiye aliyemfundisha baiskeli, na kwamba yeye mwenyewe atamkumbuka, kwa hiyo hatakuwa amepotea kabisa duniani. Nilimwambia mimi si mchungaji. Akaweka dole kwenye Gidion.

Faili zilianza kuondoka kutoka nyuma kwenda mbele. Kifo cha juzi, kifo cha wiki iliyopita, vya Pasaka, vya mwaka jana. Kilipofutwa kile cha mia tatu, mkono wa mama ulianza kushuka wenyewe, taratibu. Kilipofutwa cha kwanza kabisa, siku ya ile kofia ya njano, mdomo ulifumba. Foibe akashusha pumzi, nami nikadhani tumemaliza. Lakini mashine haikusimama hapo. Ilipita kwenye harusi, kwenye cheti cha ufundi, kwenye baiskeli, kwenye tetekuwanga, kwenye meno ya kwanza. Mwisho kabisa ilikuwa faili ndogo, isiyofika sehemu ya mia ya asilimia moja, ya kilio cha mtoto kwenye chumba chenye taa moja. Ikaenda nayo.

Sasisho liliingia bila tatizo lolote. Kifaa kikajizima, kikajiwasha.

Mama alipofumbua macho nilihesabu dakika kumi na moja, kisha kumi na tano, kisha ishirini. Alikunywa chai yangu na kusema ina tangawizi nyingi. Aliuliza upepo wa leo umetokea wapi. Alikuwa mwepesi, kama nyumba iliyohamwa. Alimtambua Foibe.

"Wewe si yule anayeniogesha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Una mikono ya baridi. Lakini unajua kazi."

Foibe alitabasamu. Alitabasamu kweli, na nikaona jinsi alivyokuwa akifanana na mama yake kabla ya haya yote. Kwenye skrini yangu, asilimia sitini na tisa ilikuwa wazi, nyeupe, inasubiri. Aliitazama nafasi ile kama mtu anavyotazama kiwanja. Nikampa maelekezo, safari hii kwa mdomo na kwa Kiswahili: usimwambie habari za msiba wowote, usimwache mbali na kishikwambi, usikiweke kwenye mchele. Akasema ameelewa. Akakifunga kishikwambi kwenye mkoba wa pembeni ya kiti, akaachia breki za magurudumu.

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Nilikuwa nimeridhika, nadhani, kazi imeisha na wateja wanatoka wakiwa hai. Mama akageuka mlangoni akaniaga vizuri, akanishukuru kwa chai, na mimi nikamjibu kama ninavyomjibu tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

"Haya, karibu tena, Mama Gidion."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu nilipolisikia nililolisema.

Magurudumu yalisimama. Yule bibi hakugeuka mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni na hajui upande gani. Nikaitazama skrini. Walikuwa hawajafika hatua kumi. Mawimbi ya kishikwambi yalikuwa bado yanaifikia skrini yangu. Chini ya Mengineyo kulikuwa na folda mpya, tupu, imejifungua yenyewe.

GIDION.

"Umeniita mama wa nani?" akasema.

Ningeweza kusema nimekosea mtu. Lakini kesho mwenye maziwa angemwita hivyo, na muuza mkaa, na mchungaji mbele ya kanisa zima. Mtaa mzima ungemwita hivyo mpaka siku ya kumzika, na wangemwandika hivyo msalabani. Foibe alilijua hilo wakati huo huo nami. Niliona linavyompita usoni. Alinitazama.

"Gidion ni nani?" mama akauliza, safari hii akimwuliza yeye. "Kama mimi ni mama yake, yuko wapi?"

Asilimia moja. Mbili.

Foibe alizunguka mbele ya kiti, akapiga magoti kwenye vumbi la mlangoni, akaishika mikono yote miwili ya mama yake. Binti wa mwinjilisti, ambaye kwao kifo hakifichwi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe? Hilo jina la kiume."

"Ndilo mlilonipa."

Mama akautoa mkono mmoja, akaugusa uso wa binti yake, paji, pua, kidevu, akiusoma. Nilikuwa sijamwona akimgusa tangu walipoingia.

"Gidion wangu," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwepo."

Akamvuta kichwa kifuani. Foibe alikaa hapo, macho wazi, na hakulia.

Kwenye skrini yangu kulikuwa na swali. Mashine, baada ya kuona sura na jina vimekutana, ilitaka kujua kama huyu Gidion wa folda mpya ndiye yule Foibe aliyeko kwenye Mengineyo, na kama waunganishwe kuwa mtu mmoja. Swali hilo huulizwa fundi. Majibu ni mawili, ndiyo na hapana, na ukichelewa mashine hujibu hapana yenyewe.

Nilipangusa mkono kwenye aproni, nikabonyeza ndiyo.

Orodha ya Mengineyo ikajipanga upya: redio, mbuzi mweupe, dawa ya mchana, mwenye maziwa, bati linalovuja, mlango wa choo. Nilitafuta jina la Foibe kwenye chati yote, juu hadi chini. Halikuwepo popote. Folda ya Gidion ilikuwa imefika asilimia sita na ilikuwa bado inapanda.